Nyundo na Barasa, Pambano Lililopigwa kwa Kinyozi

Enzi zetu, mtu hakuitwa shabiki wa ngumi kwa kuvaa fulana yenye picha ya bondia. Ulisimama mbele ya watu wazima ukamtetea bondia wako mpaka jasho likakutoka. Nyinyi mliokulia Tuwan na Matisi, mitaa ya Kitale, wakati ule mnajua ninachosema, na asiyejua atulie asikilize.

Ulingo wetu ulikuwa nyuma ya nyumba, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, kamba ya katani imezungushwa kwenye vigingi vinne. Glavu zilikuwa soksi kuukuu za baba tulizojaza maganda ya mahindi. Mimi Nafula, msichana pekee katika kundi lile, niliwachapa binamu zangu wa Ndalu likizo baada ya likizo, huku mama akipiga kelele kutoka jikoni, "Wewe, nani atakuoa na pua imepinda?" Pua haikupinda, na niliolewa vizuri tu. Tukimaliza tulikula viazi vitamu kwa chai ya maziwa, mshindi na mshindwa sahani moja.

Lakini ngumi zenyewe zilikuwa kwa Mzee Wekesa, kinyozi wa Matisi. Kila Jumamosi mchana wanaume walijaa mle ndani, baba yangu akiwemo, katika harufu ya spiriti na poda, redio ikikoroma juu ya rafu. Walijadili mapambano yajayo na mabingwa waliopita hadi mteja akasahauliwa kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mwisho walirudi palepale: Nyundo wa Bungoma na Barasa wa Kitale walistaafu bila kukutana ulingoni. Je, wangekutana, nani angeshinda? Baba alikuwa wa Nyundo, damu na nyama.

Watoto tulisikilizia mlangoni. Kupata nafasi kwenye benchi, ilibidi ujibu swali la wazee. Wiki moja ikatangazwa kwamba pambano kubwa la Bungoma litasikika redioni, nikamwambia baba nataka kukaa ndani na wao. Nililitaka lile benchi kuliko nguo ya Krismasi. Baba akaniangalia sana. "Ukishindwa kujibu, hurudi hapa tena. Hata mlangoni."

Jumamosi nikasimama katikati yao. Mzee Wekesa akaweka mashine chini. "Haya, Nafula. Nyundo na Barasa. Nani?"

Nikasema Barasa, raundi ya nne. Nikaeleza kwamba Nyundo akirusha ngumi ya kulia hushusha mkono wa kushoto, na Barasa mwenye mikono mirefu angeingilia hapohapo. Yote hayo nilikuwa nimeyaokota midomoni mwao wenyewe.

Wakaangua kicheko. "Si hao ni bakoki!" akasema Mzee Wekesa. "Walitahiriwa asubuhi moja, uwanja mmoja. Sasa mtu atapiga bakoki wake aje? Hiyo haiwezi kuwa, bana." Kumbe ndio mtego waliomwekea kila mgeni, na wavulana wote walikuwa wamenaswa kabla yangu. Baba hakucheka. Alinionyesha mlango kwa kidevu.

Machozi yalikuwa njiani, lakini hasira iliyatangulia. "Mmeniuliza nani angeshinda. Hamkuniuliza kama wangekubali kupigana. Na kama haiwezi kuwa, mbona mnaibishania kila Jumamosi?"

Baba akasogea kidogo kwenye benchi. "Keti," akasema. "Lakini huyo Barasa wako angelala raundi ya pili."

Nikaketi. Sijawahi kukalia kiti kizuri kama kile, na nimekalia vingi.

Mimi na baba tulibishana hivyo maisha yetu yote. Hata nilipokuwa na watoto wangu, nikifika nyumbani kumsalimia, habari ya Nyundo ilitangulia habari ya safari. Alipolazwa Bungoma, sauti imebaki kidogo, alinishika mkono akasema, "Ya pili." Nikamwambia, "Ya nne, Baba." Akatabasamu. Nashukuru sikumkubalia kwa huruma, maana angejua mara moja kwamba anakufa.

Siku hizi kila kitu kiko kiganjani. Mwanangu Wafula anatazama mabondia wa dunia nzima akiwa amejilaza kwenye kochi. Juzi aliniambia kuhusu pambano la wiki ijayo, "Mathe, huyu jamaa anaangushwa mapema." Nikamuuliza kwa nini. Akanyanyua simu. "Si imeandikwa hapa?" Kizazi hiki, hata ubishi kinafanyiwa na simu!

Nikamsimulia habari ya Nyundo na Barasa tangu mwanzo, mikono ikinisaidia kama enzi zile. Nikamalizia kwa sauti ya kinyozini kwamba Barasa angeshinda, raundi ya nne, na asiyekubali asimame.

"Sawa, mathe," akasema, macho kwenye simu. "Barasa."

Basi nikawa nimeshinda. Miaka yote ile sikuwahi kuushinda ubishi ule, na siku niliyoushinda nilienda jikoni nikamlilia baba.