Niru kwenye Mteremko wa Geti

Mwanangu Mueni, siwezi kuisahau asubuhi moja ya Januari hii mbaya, maana ndiyo iliyonifanya nishindwe kuendelea kuvumilia. Nilikuwa nakuogesha kwenye beseni chini ya mteremko wa geti letu, hapa Kawangware 46. Nikakunyanyua nikufute. Papo hapo kamba ya kuvutia mkokoteni wa maji ikakatika, nao ukashuka kinyumenyume na kulikanyaga lile beseni likawa bapa kama chapati. Wewe ulikuwa mikononi mwangu umelowa, unacheka.

Mimi sikucheka.

Najua nasaha hutolewa na wazee, na mimi fomu foo nimemaliza juzi tu. Haya nakuandikia kabla hasira haijapoa, uyasome ukikua.

Tulikuwa tumekimbia Mashimoni, kule Kibera, baada ya kura kuzua vurugu, wakati nyumba za jirani zilipoanza kuchomwa. Shangazi yako akatupokea kwenye hii ploti. Kila chumba kilikuwa na wageni kama sisi na mifereji ilikuwa mikavu, kwa hivyo Mutiso, kijana wa kutoka Kitui, alikuwa anatuletea mitungi ya maji kwa mkokoteni kutwa nzima.

Mteremko wa kuingia getini ulikuwa wa udongo na kokoto, mbaya wa sura lakini mzuri wa kazi. Nyuma ya mkokoteni wake Mutiso amepigilia kipande cha tairi. Akichoka katikati ya mlima anainua mikono ya mkokoteni, mkia unakaa chini, tairi linashika kokoto, naye anapumua. Sisi wanawake tunavuta kamba kutoka juu, tunamsaidia kidogo tu.

Sasa Baba Njeri, mwenye ploti, alikuwa na simiti imebaki na fundi aliyekosa kazi kwa sababu ya vurugu. Akamwambia fundi apige plasta mteremko wote, kisha aumalizie na niru, ile simiti laini ya sakafu ya sebuleni. Eti geti lake lisifanane na la watu wa vibanda. Ukang'aa kweli. Na mitungi ya maji, mwanangu, haijawahi kupanda mlima bila kumwagika.

Nilimwambia Baba Njeri kwa heshima kwamba niru ikilowa itateleza. Akacheka. Nikamwambia tena, akasema tushukuru tuna pa kulala.

Nikiwa fomu thrii, shule moja kule Machakos, nilichora kisanduku kinachovutwa kwa kamba juu ya mteremko, nikaweka mishale ya nguvu kwa rula, mizuri kama ya kitabuni. Madam wa fizikia akaifuta yote mbele ya darasa. "Umekimbilia kamba kabla hujauliza ni nini kinataka kushuka," alisema. "Anza na uzito. Uzito haupumziki." Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikamnunia mpaka muhula ukaisha. Kumbe mama wa watu alikuwa ananipa silaha.

Siku ya beseni Baba Njeri alitoka na kikombe chake cha chai, akaangalia kamba iliyokatika, akasema ni mbovu, Mutiso anunue ingine. Nikaanza na uzito, kama nilivyofundishwa. Nikamweleza kwamba maji ni yale yale na mlima ni ule ule. Mwanzo mzigo ulizuiwa na wawili: msuguano wa tairi na miguu ya Mutiso chini, na kamba juu. Niru ikilowa msuguano unakwisha, na sehemu yake yote inahamia kwenye kamba. Lete kamba mpya, nayo itabebeshwa yale yale mpaka ichoke.

"Kwani siku hizi wewe ni injinia?"

"La. Mimi ndiye mwenye mtoto."

"Nchi inaungua, Mama Mueni, na wewe unaniletea mambo ya sakafu."

Mutiso mwenyewe, goti limechunika, akaniambia niachane na Baba Njeri, yeye atasukuma tu hivyo hivyo. Hapo ndipo damu ilinichemka kabisa. Nikakufunga mgongoni tukaenda kwa chifu.

Foleni ilikuwa ya watu waliochomewa nyumba. Karani aliposikia neno mteremko akaniangalia kama niliyechanganyikiwa, na mama mmoja nyuma yangu akauliza kama nimekosa shida ya kuleta. Nikamwambia nyumba yangu pia sijui kama bado ipo, lakini huyu mtoto yupo. Akanisogezea benchi nikae niandike.

Mwanangu, wakati wa shida kubwa watu watakuambia hatari yako ni ndogo, ungoje. Usingoje. Na kitu kikianguka, usilaumu tu kile kilichokatika mwisho. Tafuta kilichoacha kubeba sehemu yake, na nani alikiondoa. Sema kwa upole, rudia kwa upole, kisha andika na uweke jina lako. Mungu akukuze salama, akupe majirani wanaosikia mara ya kwanza, na usikimbizwe tena kutoka nyumba yoyote.

Niliandika hivi:

Kwa Chifu. Mimi, Mama Mueni, mpangaji wa muda Kawangware 46, namshtaki mwenye ploti yetu kwa kupiga niru kwenye mteremko wa geti. Mteremko ukilowa hauna msuguano wa kuzuia mkokoteni uliojaa maji, na kamba peke yake haiwezi. Leo imekatika na mtoto wangu nusura afe. Kamba mpya si dawa. Naomba aamriwe kuichimbachimba niru yote kwa nyundo na patasi, iwe na makwaruzo ya kushika tairi, kabla maji ya jioni hayajaletwa. Nimeshamwambia na hataki kusikia. Sirudi nyumbani bila mtu wa ofisi hii; nimekaa hapa nje na mtoto.