Ng'ombe wa Saruji wa Kizuka

Mzee Melkiades hajui jina la mama yake. Nasema hivyo mapema kwa sababu yeye mwenyewe hasemi, na watu wa hapa Kizuka humwita kichaa bure.

Alikuwa na miaka minne ule mwaka wa mauaji hapa Burundi, sabini na mbili, jirani alipombeba mgongoni na kumvusha ziwa mpaka Kigoma, Tanzania. Wazazi hawakuvuka. Jina la baba, Ntirampeba, lilibaki kwenye shamba lake. Mama, kama wanawake wengi walioolewa siku zile, aliitwa muka Ntirampeba, mke wa Ntirampeba, basi. Melkiades aliporudi mwaka 2008, jirani yule alikwisha fariki, na wazee wa kilima hiki, yaani kijiji chetu, walikuwa wamekwisha. Kwenye karatasi za ofisi ya komini, mahali pa jina la mama, walipiga mstari. Anaishi peke yake na mihogo yake. Chungu anachopikia ni kidogo mpaka unaona aibu kuchungulia.

Mwaka jana chama cha vijana kilileta ng'ombe wa saruji, mmoja kwa kila kilima, wapambwe na kusimamishwa kando ya barabara ya Nyanza-Lac. Watu wa Kabonga walimchora wa kwao ndagala, dagaa wa ziwa letu, mwili mzima. Rumonge mjini walimbandika vipande vya vioo, ukipita mchana macho yanauma. Wa Kizuka, Melkiades aliomba ampambe yeye. Nani angemnyima? Kazi yenyewe haikuwa na posho.

Akampaka rangi nyekundu ya udongo, baka jeupe kwenye paji la uso, mguu mmoja wa mbele mweupe. Vijana walipokuja wakacheka: "Mzee, hii ni ng'ombe tu! Mapambo iko wapi?"

"Ni Bihogo," akajibu. "Ng'ombe ya baba."

Mimi nauza mawese hatua kumi kutoka pale, ndiyo maana niliambiwa yaliyobaki. "Mama Rachid, Murundi anaweza kusahau mutoto wa jirani, lakini ng'ombe ya jirani hasahau. Atapita muzee mumoja atamujua Bihogo. Mwenye kumujua alikunywa maziwa kwetu, na maziwa ilikuwa inamiminwa na mama."

Nilimhurumia. Wiki nne alikaa pale juu ya kreti, akitazama nyuso za abiria kwenye kila teksi inayopita. Wiki ya tano malaria ikamlaza.

Siku hiyo hiyo aliyolala, jamani, teksi ikasimama kupakia ndizi. Akashuka bibi mmoja na fimbo yake, akamzunguka ng'ombe, akampapasa paji la uso. Mimi nilikuwa namimina mawese kwenye chupa ya mteja, macho yote kwenye mdomo wa chupa. Nilimsikia tu, akisema kama anayemgombeza mtu: "Wamekosea. Muguu nyeupe ilikuwa ya nyuma." Dereva akapiga honi. Nilipoinua kichwa, teksi ilikuwa inaishia kwenye kona, na bibi ndani yake.

Nilikwenda mbio kumwambia Melkiades. Na homa yake hiyo, aliinuka akakaa.

"Ya nyuma," akasema. "Eh, ni kweli, ya nyuma! Anaitwa nani? Anatoka wapi?"

Hata uso wake sikuuona. Chupa moja ya mawese! Angenitukana ningepumua, lakini hakunitukana.

"Murakoze, asante, mama Rachid," alisema, akageukia ukuta.

Alipopata nguvu alikuja na kopo lake la rangi. Mguu wa mbele akaufanya mwekundu, wa nyuma mweupe. Kisha akaandika ubavuni, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka: BIBI WA MUGUU YA NYUMA, RUDI. UNIAMBIE MAMA ALIITWA NANI.

Vijana hawacheki tena. Bibi hajarudi. Teksi ikipunguza mwendo tu, naacha mawese ya mteja yamwagike, nakimbilia dirisha lake kumtafuta.