Fimbo Waliyonipa Shambani

Falsafa ya sheria lilikuwa somo langu la kwanza chuoni Korogwe, nami nililiogopa. Kidato cha tano na sita nilijisomea mwenyewe nyumbani, bila mwalimu, kwa hiyo darasani sikunyoosha mkono mpaka niwe na sentensi isiyo na kasoro. Kufikia hapo wenzangu walikuwa wameshajibu. Mhadhiri alitufundisha kwamba kisasi hutoka kwa aliyeumizwa. Adhabu hutolewa na mwingine, asiyehusika. Niliona ni jambo jepesi.

Likizo nilirudi kwetu Misima. Asubuhi moja tulikuta mahindi ya mama yamekanyagwa na ng'ombe, karibu yote. Kaka na baba mdogo walimkamata mfugaji akiwaswaga kuwatoa, wakamfunga kwenye nguzo ya dungu tunalokaa juu yake kufukuza nguruwe pori. Nilipofika, sikio lake lilikuwa limechanika.

"Mwanasheria wetu huyu hapa," baba mdogo alisema, akinipa fimbo ya mfugaji. "Tukimmaliza, sheria inasemaje?"

"Baba mdogo, mimi si mwanasheria. Ndiyo kwanza naanza..."

"Ada yako ndiyo hiyo imeliwa!"

Kaka akacheka. "Anatafuta maneno. Akiyapata, mtu keshakufa."

Alisema kweli. Nilikuwa nayatafuta, huku baba mdogo akimpiga mtu yule mateke ya tumbo.

Mfugaji akatema damu. "Mwiteni mzee wangu, atalipa. Naomba, dada."

Nakiri nilitaka kumpiga. Fimbo niliiinua. Nilimchukia kwa kila bua lililovunjika, na aliponiita dada nikamchukia zaidi. Mkono ukiwa juu ndipo nilipoona kwamba aliyeumizwa ni mimi, na pale shambani hapakuwa na mwingine.

"Siwezi kumhukumu," nikasema. "Wala nyie. Mahindi ni yetu sote." Sentensi mbovu, darasani ningeifuta.

Baba mdogo alinizaba kofi, nikaanguka, fimbo ikanitoka. Niliinuka nikamkinga yule mtu kwa mwili wangu, nikaanza kufungua kamba kwa meno. Teke lililomlenga yeye likanipata ubavuni. Ndipo baba mdogo akarudi nyuma.

Kamba ilipoachia, mfugaji aliokota fimbo yake, akampiga kaka kwenye mkono, mfupa ukalia. Akatokomea porini, hai.

"Umeona?" kaka alipiga kelele akigaagaa. "Umeona kazi yako?"

Mama, aliyekuja mbio aliposikia kelele, alimfunga kaka mkono kwa kanga yake, bila kunitazama.

"Chukua jembe lake," aliniambia. "Mpaka apone, utalima wewe. Chuo kitasubiri."