Rinda la Kendi

Juzi, nikipita Kianjai kutafuta kibarua, nilimwona mwanamke akipanga makaa juu ya kifuniko cha sufuria. Harufu ya keki na moshi ilinisimamisha.

Mama alioka vivyo hivyo alasiri moja nilipokuwa mtoto, huku akimshonea dada yangu mdogo, Kendi, rinda jipya. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Embu, nami nilidhani ni sherehe.

"Mama, mbona pindo kubwa hivyo?"

"Atakua. Litafunguliwa."

"Si utamshonea lingine?"

"Wewe Mwiti, maswali hayajazi tumbo," shangazi alisema. "Kula keki!"

Nilicheka, nikala hadi makombo. Rinda lilimfika Kendi visiginoni. Shangazi alimbeba mgongoni wakaondoka, nikawapungia mkono nikidhani watarudi Jumapili. Sikuelewa kwamba, baba akiwa amekufa na shamba halitutoshi, shangazi alikuwa amepewa Kendi amlee.

Mama alirudi kwenye cherehani akaendelea kukanyaga, ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Nilidhani ananipigia muziki, nami nikacheza mpaka nikachoka.