Vyuo Tulivyovifuta

Mtoto wa dada yangu aliandika vyuo vyake nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaiweka mezani mbele yangu, akakaa na kukunja mikono. Vilikuwa vingi. Moshi, Morogoro, Mbeya, Tabora, Dodoma, na kimoja kidogo cha upande wa Hanang, chini kabisa, kimebanwa pembeni. Vyote vya uuguzi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hizi ni ndoto za mtoto wa waziri. Sisi tuna vitunguu saumu na ng'ombe mmoja."

Alicheka kidogo. Siku hizo kumfanya acheke ilikuwa kazi kubwa kuliko kulima, nikafurahi.

Huyo ng'ombe hakuwa wangu. Alikuwa wa dada, aliyenitangulia kuzaliwa. Dada aliolewa Katesh, akaachwa hukohuko Katesh, akabaki Jorodom, palepale chini ya mlima, akiuza maharage sokoni na kumlea huyu binti wake mmoja. Ng'ombe alimweka kwa mzee mmoja Mbarbaig, mfugaji wa Dirma, waliyejuana naye sokoni, kwa utaratibu wetu wa siku zote: mali ni yako, yeye anachunga, na maziwa wanakunywa watoto wake. Hamwandikiani chochote. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang alfajiri ile ya Desemba na kufukia nyumba, binti alikuwa huku kwangu Nambis, likizo, ananisaidia shambani. Dada alikuwa nyumbani kwake, amelala. Tulimpata baada ya siku kadhaa, tukamzika Nambis karibu na mama yetu. Binti akabaki kwangu. Alikuwa kidato cha pili. Sasa amemaliza cha nne, amefaulu, na mimi ndiye mama.

Mimi si mtu wa maneno laini. Nikimwona mtu analia namtuma maji. Lakini kuna vitu nilikuwa naviona. Mvua ikianza kupiga bati, binti alikuwa anaacha alichokuwa anafanya, anasimama mlangoni mpaka ikatike. Na siku ile tulipofungua picha za vyuo kwenye simu, ikatokea ya chuo cha Morogoro, majengo meupe na milima nyuma yake. Aliitazama muda mrefu, akaizima simu, akaenda kuchota maji wakati ndoo zimejaa.

Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nilichukua kalamu nikafuta Morogoro. Nikafuta Moshi. Nikafuta Mbeya, kwa sababu mtu wa Mbeya aliwahi kuniambia kule unaamka na mlima unalala na mlima. Kile kidogo cha Hanang nilikifuta kabla ya vyote, kwa mistari miwili, ingawa ndicho peke yake tulichokimudu bila kuhangaika. Binti alikuwa amekaa hapo anaangalia kalamu. Watoto wetu hawabishani na mkubwa, na mimi nilipenda kimya chake kwa sababu kilinirahisishia.

Vikabaki Dodoma na Tabora. Dodoma hosteli ilikuwa bei ya kututoa roho. Tabora ada ilivumilika, lakini nauli, sare, viatu vyeupe, godoro, na kurudi likizo! Baba watoto alikaa na sisi jioni moja, akasikiliza, akasema, "Kama ni Tabora, ng'ombe wa marehemu lazima auzwe. Na bado mtoto atakuwa anakuja mara moja kwa mwaka."

"Tabora ni tambarare," nikamjibu.

Alinitazama. Alijua nasema nini. Akanyanyuka akaenda kufunga mbuzi.

Mimi na binti tulisafiri hadi Katesh kumfuata ng'ombe, kesho yake pikipiki ikatupeleka Dirma. Njia nzima nilijigeuza ili mlima uwe mgongoni kwangu. Hiyo ndiyo tabia yangu nikiwa Hanang: sokoni, stendi, kwa watu, natafuta upande wa kukaa ambao sitauona. Nilimweka binti upande huohuo, nikamwambia huku hakuna jua.

Mzee wa Dirma tulimkuta kwake. Tulimwamkia, shikamoo na marahaba zikapita, tukapewa maziwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, maana dada amekufa na shahidi hakuna. Angesema hamjui ng'ombe yeyote, ningefanya nini? Lakini alisimama, akaenda zizini, akamtoa ng'ombe mwekundu mwenye paji la uso jeupe, na nyuma yake mtamba.

"Huyu wa mama yako," alimwambia binti. "Na huyu alizaliwa kwangu. Huyu pia wa mama yako. Mimi nilikuwa nangoja mje."

Binti alimshika yule ng'ombe shingoni, akalia pale mbele ya watu bila kuona haya. Safari hiyo sikumtuma maji. Nilimwambia mzee mtamba abaki kwake, watoto waendelee kupata maziwa akizaa. Ng'ombe mkubwa, mzee alimswaga mwenyewe mpaka mnadani Katesh, akamsimamia bei kwa ukali ambao mimi nisingeuweza, akanikabidhi pesa, akaaga. Nikazifunga kwenye pindo la kitenge. Nilijisikia mwepesi. Tabora ilikuwa imepatikana.

Hapo ndipo binti aliposema, "Mama mdogo, naomba tupite nyumbani kwa mama."

Sikutaka. Nilisema basi litatuacha, nilisema nimechoka. Alisimama tu. Hakuwa amewahi kuniomba kitu, hata sabuni alikuwa anangoja nimuulize. Tukaenda.

Tangu msiba nilikuwa nimefika pale mara kadhaa, na watu wa serikali ya mtaa, na ndugu. Kwa hiyo nilitangulia mimi, kama mwenyeji. Sasa nyasi zimeota. Kuna mawe makubwa ambayo hayakuwepo, na mtu ameshapanda mahindi kipande kimoja. Nilikwenda hadi kwenye jiwe moja bapa nikasimama, nikamwambia, "Hapa ndipo ilipokuwa nyumba. Tumwombee mama, twende."

Binti hakusimama nilipo mimi. Alipita, akashuka kidogo, akaangalia mti mmoja wa mgrevilea uliobaki umeinama, akarudi hatua chache, akasimama kwenye majani matupu.

"Hapana, mama mdogo. Siyo hapo. Hapo ni kwa jirani. Sisi ni hapa."

"Una hakika?"

"Hapa jiko. Pale alikuwa anaanika maharage. Hapa ndipo nilipokuwa nalala." Alikuwa anaonyesha kwa kidole, taratibu, kama anamwelekeza mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akaacha. "Wewe umeshasahau," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma. Nimekula katika nyumba ile, nimelala kitanda kimoja na dada yangu tukicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Na nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa mtu mwingine, tayari kufumba macho niombe.

"Mimi nataka kile chuo cha huku," akasema. "Ulichofuta kwanza."

Nilimjibu kwa hasira. Nilimwambia mlima huu umemchukua mama yako, mimi nimeuza ng'ombe uende mbali nao, na wewe ukiona mvua unasimama mlangoni unatetemeka.

"Sitetemeki," akasema. "Nasikiliza. Asubuhi ile ningekuwa hapa ningesikia. Mama alikuwa analala sana."

Akageuka akalitazama lile jiwe bapa.

"Nikikaa Tabora miaka mitatu, nikirudi na mimi nitasimama kwa jirani."

"Kaburi lipo Nambis, mwanangu. Lipo nyumbani. Nalifagia kila Jumamosi."

"Najua, mama mdogo. Asante. Lakini pale kaburini sikuwahi kuishi naye. Niliishi naye hapa."

Nilikaa chini. Nilifungua pindo la kitenge nikaziangalia zile pesa, sijui kwa nini, nikalifunga tena. Mwezi mzima nilikuwa nafuta vyuo vya milima kwa ajili ya mtoto, na mtoto hakuwa ameniomba nifute hata kimoja. Mwenye kuuogopa mlima nilikuwa mimi. Ningempeleka Tabora, ningebaki Nambis nafagia kaburi, na mahali hapa pangemezwa na mahindi ya watu.

"Sawa," nikamwambia. "Tutakiandika tena."

Alikuja akakaa karibu yangu. Tulikaa hivyo mpaka basi likatuacha kweli.

Tulipoinuka nilimwomba anionyeshe tena, tangu mwanzo, kila kitu. Jiko, maharage, kitanda. Nilitembea nyuma yake nikirudia kwa sauti, nisisahau mara ya pili.

"Na mlango?" nikamuuliza. "Mama yako akiamka, akifungua mlango, alikuwa anatazama wapi?"

"Alikuwa anatazama mlima."

Ikabidi nigeuke niutazame.