Kizuizi cha Makambako

Daktari wa Njombe alituonyesha picha ya ubongo wa mama, yenye madoa meupe kama unga uliomwagika. Mishipa midogo, alisema. Kuta zake huchagua kipi kipite na kipi kibaki kwenye damu. Uzee na presha ya miaka mingi vikizilegeza, vitu vya kwenye damu huvujia ubongoni na kuudhuru. Kumbe ndiyo maana mama anaburuta miguu, na jibu lake linafika wakati swali limeshasahaulika.

Tuliporudi nyumbani, mtaa wa Ramadhani, nikamfafanulia mama. Nina shahada mbili; maneno hayanipigi chenga.

"Mama, kwenye ubongo kuna kizuizi. Chako kimelegea."

Akaweka kikombe chini. "Kizuizi cha Makambako?"

Marehemu baba alifanya kazi kwenye kizuizi cha kukagua mbao huko. Malori yakisimama alikagua vibali, akainua mti uliolazwa barabarani, yakapita. Jumamosi alirudi akinukia utomvu wa misindano, na mama alikuwa ameshachemsha maji ya kuoga tangu mchana.

"Baba yako halegei kazini," mama akasema. "Labda anaumwa. Nipeleke."

Nikamkumbusha kwamba baba alishafariki. Akalia kana kwamba habari imemfikia siku ile. Sikurudia tena. Nikajaribu mchoro wa mishipa badala yake, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyotafuta viatu. Tangu hapo kila asubuhi alivaa koti, akajifunga kitenge kizuri na kukaa karibu na mlango. Dada yangu akanicheka kwenye simu: msomi umemfufua marehemu, sasa toa gari.

Nikatoa gari.

Makambako pale palipokuwa na kizuizi pamebaki nguzo moja, na mwanamke mmoja anachoma mahindi. Malori yalipita bila hata kupunguza mwendo. Mama aliyatazama kupitia kioo, mikono imeshika mkoba, kitenge hakijakunjamana hata kidogo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji njia nzima. Akanitangulia.

"Hakuna anayezuia," akasema.

"Hakuna, mama."

Akaigeukia ile nguzo.

"Basi ameshatoka. Tumepishana njiani. Geuza gari, atakuta tumefunga mlango."

Nikageuza. Na niseme ukweli, msomi mzima, niliendesha kwa haraka.