Siku Mgeni Rasmi Aliposhika Mausi

Nakumbuka asubuhi moja pale Soni, mwanangu, na kusema kweli sipendi kuikumbuka. Lakini juzi ulikuja hapa na kompyuta yako, nikakuuliza kama hiyo programu yako itafanya kazi kwa wafugaji wanaouza maziwa kule Kwai, nawe ukanijibu bila hata kunitazama, "Mbona kwangu inafanya kazi, mama?" Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Nilikwenda jikoni nikajifanya naangalia maharage, kwa sababu nilihisi hasira ambayo haikukuhusu wewe. Leo nakujibu.

Nilikuwa binti tu, nimetoka chuoni, mimi na mwenzangu Hoza. Tulitaka kufungua darasa la kuwafundisha vijana wa huku milimani kuandika programu. Kompyuta tulipata za mitumba, tukazipandisha kutoka Mombo kwa lori lililokuwa linakuja kuchukua kabichi. Tulichokosa ni chumba. Chumba alikuwa nacho Mzee Kaniki, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mboga, na wenzake walitaka kiwe stoo ya viazi. Akatuambia, "Nipeni siku nione kwa macho yangu. Nikiona kitu kinafanya kazi, chumba chenu." Basi chumba kile kilikuwa kila kitu kwetu. Mimi nilishatoboa hadi tundu la kupitishia waya ukutani.

Sasa sikiliza vizuri, maana na wewe utanasa hapa hapa. Programu tuliyotumia kuandikia kazi zetu ilihitaji programu nyingine, inaitwa Java, ili iendeshe tulichoandika. Mashine ilikuwa na Java mbili: kuukuu iliyokuja nayo, na mpya aliyoiweka Hoza. Maelekezo ya kutumia ile mpya Hoza aliyaandika kwenye faili linalosomwa na dirisha jeusi, lile la kuandikia amri. Kila siku tulifungulia humo, na kila siku mambo yalikwenda. Lakini ukibofya ikoni, kile kipicha cha kufungulia, programu haipiti kwenye lile dirisha, haiyasomi yale maelekezo, inaokota Java yoyote inayoikuta. Ni kama nyumba zetu hizi. Wewe unayeingilia jikoni unajua mama kasema nini tangu asubuhi. Mgeni aliyeingilia mlango wa mbele amekaa sebuleni, hana habari.

Utaniuliza ikoni tuliiweka ya nini. Tuliiweka kwa ajili ya mgeni rasmi! Unazijua shughuli zetu. Kitu hakijazinduliwa mpaka mkubwa akifungue kwa mkono wake, na huwezi kumkalisha Mzee Kaniki mbele ya watu aanze kuchapa amri kwenye dirisha jeusi. Kwa hiyo asubuhi ile ile ya shughuli Hoza akaitengeneza ikoni, kubwa, ya kupendeza, katikati ya kioo cha kompyuta. Nikamuuliza, "Kaka Hoza, umejaribu kuifungulia hapo?" Akanijibu, "Kwangu inafanya kazi. Wewe panga mabenchi." Alikuwa amenizidi umri, nami nililelewa kutobishana na kaka. Nikapanga mabenchi.

Watu walikuja wengi, wengine kutoka Mgwashi. Mchungaji akaomba, shehe naye akaomba dua, tukaitikia wote. Mzee Kaniki akakata utepe tuliokuwa tumeufunga kwenye kioo, akakaa, akashika mausi kwa mikono miwili. Akabofya. Programu ikafunguka, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikaanza kuyaona madawati ya darasa letu. Kisha akabonyeza kitufe cha kijani ili programu yetu iende. Ilikuwa ndogo tu, ya kuandika jina la mkulima na matenga ya mboga aliyoleta. Yakatoka maandishi mekundu kioo kizima. Akabonyeza tena, yakaja yale yale.

Niliyasoma nikaelewa papo hapo: imeokota Java kuukuu, isiyoweza kuendesha kazi yetu. Dawa ilikuwa kuifunga na kuifungulia kwenye dirisha jeusi, basi. Lakini mausi ilikuwa mkononi mwa mzee, na wewe unajua, kumnyang'anya mzee kitu mkononi mbele ya watu hakufanyiki huku kwetu. Nikapiga goti pembeni ya kiti.

"Shikamoo, mzee. Naomba uniachie kidogo niirekebishe."

Kabla hajaitikia, Hoza akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Mzee, tusamehe. Huyu dada ndiye aliyeichezea mashine asubuhi."

Mwanangu, sikuwa nimeigusa. Nilimtazama Hoza, naye akatazama utepe pale chini. Mzee Kaniki aliweka mausi mezani taratibu, akasimama, akawageukia wenzake wakaanza kuongea Kishambaa, na nikajua shughuli yetu imekwisha. Mama mmoja akanigusa bega akasema, "Pole, binti, hizi mashine ni za wanaume." Huyo alikusudia kunifariji.

Walipoondoka wote, nilifungua mipangilio ya ile ikoni nikaandika mstari mmoja: njia kamili ya Java mpya, ilipo hasa. Nikabofya. Ikaenda bila kusitasita, mbele ya mabenchi matupu. Nikapanda mbio hadi kwa Mzee Kaniki, nikamweleza. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Akasema, "Nakuamini, mwanangu. Lakini watu wameshaona walichokiona." Wiki iliyofuata viazi viliingia. Bado vimo. Ukipita pale, tazama ukuta wa nyuma, lile tundu langu la waya walilizibia tambara.

Hoza alikwenda Dar, akapata kazi nzuri. Alirudi kwenye harusi moja, akanikuta na sahani ya pilau. "Unaikumbuka ile? Kumbe ilikuwa Java tu!" Akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikisikia jina lake chakula kinanishinda.

Kwa hiyo nakuambia haya, na uyashike. Kifungue kitu chako kwa njia atakayokifungulia mwenye kukitumia, siyo kwa njia uliyoizoea wewe. Ikoni iambie yenyewe Java yake iko wapi, uiandikie njia yote tangu mwanzo, usiiache ikabahatishe. Ukiwa na shaka, sema kabla watu hawajakaa, hata kama unayemwambia ni kaka yako, hata kama ni mimi. Heshima ile niliyoionyesha kwa kupanga mabenchi haikumsaidia mtu. Na kikiharibika kitu ulichotengeneza wewe, usimtupie aliye dhaifu kuliko wewe. Hilo la mwisho ukinifanyia, usije hapa tena kunywa chai.

Haya, izime hiyo kompyuta. Iwashe upya, usiliguse dirisha jeusi, bofya ikoni nikiona. Mungu akufungulie kule Kwai, mwanangu, na yakitokea maandishi mekundu, akujalie mwenzako wa kazi atakayesema "ni mimi" watu wakiwa bado wamekaa.